Fundi wa Jua la Utosini

Nimeanza kuandika haya Jumamosi, mwezi ishirini na tatu Mfunguo Sita, saa tisa na robo mchana. Saa ya ukutani ya marehemu babu imegonga robo sasa hivi, na Bibi kasema kutoka uani, "Yaongopa hiyo kwa dakika tano," kama asemavyo kila inapogonga. Basi tuseme saa tisa na dakika kumi.

Fundi wamemzika jana, baada ya sala ya Ijumaa. Hitma yake ni kesho. Dada yake, ambaye sote hapa kijijini Ole twamwita Bi Mkubwa, anataka kabla ya hitma vioo vyote vya picha viwe vimeoshwa, maana ndivyo alivyousia marehemu. Vimeshaoshwa makasha mawili. Kimebaki kioo kimoja tu, nacho kiko chini ya godoro langu, kimeviringwa kwenye kaniki. Ndani yake yumo mama yangu. Mama alikufa nikiwa na miaka minane, na hana picha nyingine popote.

Bi Mkubwa anajua kuwa ninacho. Asubuhi kaja mpaka mlangoni, hakuingia, akasema bila ukali, "Mwanangu, usimweke ndugu yangu njiani."

Nikamjibu, "Kesho, Bi Mkubwa."

Sina mtu wa kumwuliza. Bibi nikimwuliza atalia, na mie mtu akilia mbele yangu sijui mikono niiweke wapi. Kwa hiyo naandika. Nataka kumweka Fundi hapa kwanza kama nilivyomjua, halafu nione kama yafaa nimtii au nisimtii.

Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Hakutumia filimu za kuviringa kama wapiga picha wa mjini. Alitumia vioo vilivyopakwa dawa. Pale mwanga unapopiga, dawa hugeuka nyeusi; pale mwanga usipofika, kioo hubaki kioo. Kwa hiyo kwenye kioo mambo yote huwa kinyume: mbingu ni nyeusi, na kivuli ni cheupe, waona hadi upande wa pili. Mpaka kioo kilazwe juu ya karatasi yake na kutiwa mwanga ndipo dunia inarudi kukaa sawa. Nilipokuwa mdogo nilidhani huko ndani ya vioo ni akhera. Nilimwambia hivyo siku moja. Hakucheka. Akasema, "Huko hakuna kinyume. Kinyume ni huku."

Fundi alipiga picha za nchi. Mashamba ya mikarafuu, mabonde ya mpunga, mikoko, na ile ardhi ya mawe ya kaskazini. Watu hakuwapiga. Alikuwa amemwapia mwalimu wake wa chuoni, yule aliyemsomesha Kurani, kuwa hatatoa sura ya kiumbe mwenye roho. Mwalimu alimruhusu miti, mawe na maji, akamwambia, "Hivyo havitakudai." Wenye mashamba walimwita awapigie mashamba yao, wakaning'iniza picha ukumbini. Mzungu mmoja wa serikali alikuwa akinunua pia. Hao wote walikuwa na lalamiko moja. Kwa nini Fundi apige adhuhuri?

Maana kila mpiga picha ajuaye kazi huikimbia adhuhuri. Jua likiwa utosini, kilicho juani huungua na kilicho kivulini huzama. Jani la mkarafuu linameta kama kisu, na chini yake ni shimo. Mpiga picha mmoja wa mjini Chake alikuwa akisema barazani, watu wasikie, "Mzee yule anapiga picha saa ambayo hata kuku wamejificha." Fundi alisubiri hasa saa hiyo. Asubuhi alilala au alichonga vigingi. Saa tano na nusu ndipo alipotoka, kamera begani, na kaniki ya marehemu mkewe shingoni, ile ya kujifunika kichwa anapotazama ndani ya sanduku.

Nilikuja kujua sababu nikiwa darasa la saba. Mashamba yana watu, huwezi kumfukuza mwenye shamba shambani mwake. Wapo wachumaji juu ya miti, wapo wanawake chini wanachambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, wapo watoto. Fundi hakuwafukuza. Aliwangoja waingie kivulini, kisha akalipigia jua. Yaani alifungua lenzi kwa muda mfupi, ule unaolitosha jua tu. Lililo juani likatoka vizuri, kila jani na mshipa wake. Walio kivulini hawakupata kitu, wakazama. Picha ikatoka haina mtu.

"Wamo," aliniambia, "ila hawadaiwi wala hawanidai."

Kwenye dakhalia, shule ya bweni ninayosoma huko Unguja, mwalimu wetu wa sayansi ana kamera ndogo, na alitueleza kuwa mpiga picha mzuri hukipigia kivuli kwanza, halafu jua hulipunguza wakati wa kusafisha. Nilirudi likizo nikamwambia Fundi kwa majivuno, nikidhani nimemletea elimu. Alikuwa anafuta lenzi kwa ncha ya shati. Akasema, "Mwalimu wako kasema kweli. Hiyo ndiyo kazi nzuri." Akaendelea kufuta. "Mie nnafanya kazi mbaya kwa makusudi. Ni ngumu zaidi."

Saa hakuwa nayo. Muda wa kufungua lenzi aliupima kwa ulimi. Kwa jua la utosini alitoa kifuniko, akasema "Bismillahi" taratibu, akafunika. Penye wingu alisema Bismillahi yote hadi mwisho wake. Kwa kivuli kizito cha chini ya mkarafuu, angekuwa anataka kukipiga, alisema ingehitaji sura ya Kulhuwallahu nzima, isomwe na mtu asiye na haraka. Kuna wazee hawakupenda. Mmoja alimkabili msikitini, "Fundi, Kurani si saa." Akamjibu, "Na wakati ni wa nani, Shehe?" Wakabishana mpaka ikaadhiniwa.

Mie nilijifunza kuhesabu hivyo kabla sijajifunza saa ya ukutani. Hilo lilikuja kunitia matatani, nitalieleza.

Nilipenda kuwa karibu naye kwa sababu hakunitazama. Watu wengine wakimwona msichana mwenye haya humfanya kazi yao: kwani kameza ulimi, kwani huyu ataolewa na nani. Fundi alimtazama mtu pembeni, pale kivuli chake kinapoangukia. Nadhani alinijua kwa kivuli. Nilipokua, alimwambia Bibi, "Mjukuu wako kafika kwenye jiwe la tatu," na Bibi akaelewa kuwa anasema urefu wa kivuli changu penye njia.

Likizo moja tulikwenda Kiuyu, kaskazini, kwa shangazi, tukamkuta Fundi huko, ana siku tatu anahangaika na ile nchi ya mawe. Huko shida yake iligeuka. Kwetu Ole mbingu ndiyo yenye kelele ya mwanga na ardhi ni nyeusi, kwa hiyo alitia kipande cha kioo cha manjano mbele ya lenzi, mbingu ikatulia. Kiuyu mawe ni meupe kama chokaa, na vichaka vimekaa juu yake kama madoa ya wino. Ardhi inapiga kelele kuliko mbingu. Alinipa ndoo.

"Nenda pwani, teka, umwage hapa mbele. Mawe yakinywa maji yanapunguza weupe."

Nilimwaga ndoo tisa. Kila nikimwaga, kwa kitambo mawe yakawa ya kijivu, halafu jua likayafuta tena kwa kasi. Shangazi akapita, akasimama.

"Fundi, wamwagilia mawe? Wataka yaote?"

"Nataka yanyamaze."

"Alaa! Basi na mume wangu nimmwagie."

Hapo ndipo nilipomwona Fundi akicheka, hiyo na mara nyingine moja. Alinifundisha kufinya macho mpaka dunia ibaki rangi mbili. "Rangi mbili zikiwa mbali mno, lenzi haitazipatanisha. Itachukua moja, nyingine itaisamehe au itaiua." Akaniwekea kiganja changu juani, halafu kivulini, juani, kivulini. "Tazama hicho hicho kiganja. Jua lina sauti kubwa, lakini kivuli ndicho chenye nyumba." Akangoja wingu saa nzima. Wingu lilipokuja lilikuwa dogo kama leso, likapita juu ya mawe, akatoa kifuniko, na kwa mkono wa pili akafunika nusu ya lenzi, akikichezesha kiganja taratibu kama anayepepea maziwa. Nilikuwa nimeungua miguu. Hakuniuliza. Upole wa kumwuliza mtu kama ameungua hakuwa nao.

Sasa niandike lile lililowafanya watu wamchukie, maana nikiliacha nitakuwa nami nimelipigia jua.

Msimu mmoja alikuwa shamba la jirani, kamera imesimama, kifuniko kimeshatolewa. Mchumaji mmoja akateleza juu ya mkarafuu mrefu. Tuliokuwapo tulisikia tawi, halafu tukasikia yeye. Watu wote walikimbia. Fundi hakukimbia. Kwanza aliinua mkono akafunika lenzi. Akakibana kifuniko vizuri kwa vidole viwili. Ndipo akaja.

Mchumaji hakufa siku ile. Uti wa mgongo ulivunjika, akakaa kitandani miaka miwili, mkewe akimgeuza kama mkeka. Na katika miaka hiyo miwili, kila mtu akimtaja Fundi alisema, "Yule kwanza kafunika kamera." Mama wa mchumaji alimwambia usoni, njiani, mbele yangu.

"Mwanangu yuko chini, weye washughulika na sanduku!"

Fundi akatazama kivuli cha yule mama. "Ningeliacha wazi angeingia," akasema. "Angekaa humo daima, yuko chini. Nlimfunika, mama. Nlimfunika kwanza."

Yule mama akatema mate. Na mie, ambaye nilikuwa upande wa Fundi kwa mambo yote, siku ile sikuwa upande wake. Nilifikiri, angekimbia tu, kama watu. Mpaka leo nafikiri hivyo, nusu.

Kwake kulikuwa na mambo yasiyolingana. Huyu aliyekataa sura za watu alikuwa na picha yake mwenyewe, ya ujanani, amevaa kanzu na koti, uso umetuna kama wa bwana harusi. Aliitundika ukutani ikitazama ukuta. Nilimwuliza Bi Mkubwa kwa nini asiitoe kabisa. Akasema, "Siku ya sikukuu huigeuza, akaitazama, akaichekelea, akairudisha. Mwache. Hata pepo ana kioo chake." Alikuwa mchoyo wa maneno na karimu wa maji, hakupita mtu mlangoni kwake bila kupewa kata. Alichukia jua, akatembea na mwavuli mweusi, na kazi yake yote ikawa juani. Aliogopa popo.

Halafu ikaja siasa, akawapoteza hata wale waliobaki upande wake. Chama kimoja kilifanya mkutano mkubwa uwanjani. Sitaandika ni kipi, siku hizi hata kuandika jina la chama ni kuchagua. Mpiga picha wa Chake alikuwa mgonjwa, wakamwita Fundi. Aliwakatalia mara mbili, mara ya tatu akakubali, akasema atapiga uwanja. Wao wakadhani uwanja maana yake ni watu. Wiki ya pili wakaja wakubwa watatu na picha mkononi. Nilikuwa uani kwake nasafisha ndoo.

"Fundi, hii nini?"

"Uwanja."

"Twaona uwanja. Na mawingu twayaona, mashaallah mazuri. Watu wetu wako wapi?"

"Hawa hapa, chini ya miembe."

"Hawa ni watu au mikoko? Kiongozi wetu yuko wapi?"

"Alikuwa kivulini."

"Yakhe, mtu anahutubia saa nzima, umemfanya gogo!"

Mmoja akasema, "Kalipwa na wale." Ikaisha hivyo. Watu wa chama hicho wakaacha kumwamkia. Siku chache baadaye wakaja wale wa pili, wanacheka, wakamwambia awapigie na mikutano yao, ila wao awatoe vizuri, na wenzao aendelee kuwazamisha. Alipokataa, na hao wakaacha kumwamkia. Hapa petu sasa watu hawaendi maziko ya jirani kwa sababu ya kadi iliyo mfukoni. Fundi hakuwa na kadi yoyote, kwa hiyo jana jeneza lake lilibebwa na watu wanane, wakipokezana bila kupumzika. Nilihesabu kutoka dirishani.

Sasa mama.

Ilikuwa mwaka wa karafuu nyingi. Uani kwetu kuna mkarafuu mmoja mkubwa mno, na Fundi alikuwa akiutaka kwa muda mrefu. Nakumbuka furaha yangu, ya kuwa leo twapigwa picha. Mama alikaa chini yake kwenye mkeka, anachambua, na mie nimekaa nyuma yake nimeshika kanga yake. Nje ya kivuli jua lilikuwa kali hata majamvi ya karafuu yalionekana kutetemeka. Fundi akajifunika kaniki, akatoka, akasimama pembeni ya kamera. Nikaingiza kichwa ndani ya kanga kwa haya. Nikawa nasikia tu.

Nikasikia Bismillahi. Nikangoja kimya, maana hapo ndipo anapofunika. Lakini sauti yake ikaendelea: Kulhuwallahu, polepole, mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka minane na nilijua maana yake. Kulhuwallahu nzima ni kivuli. Fundi amekipigia kivuli. Mama alikufa kabla ya msimu uliofuata, kwa kifua. Uso wake ulianza kunitoka mapema, na hilo sijamwambia mtu. Nilipofika miaka kumi na mbili nilikuwa nimebakiwa na uzito wa mkono wake na harufu ya makonyo kwenye vidole. Lakini sikuhofu, kwa sababu nilijua yumo. Fundi anazo sura zote zilizozama, ila ya mama haikuzama, niliisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa naona haya kumwuliza. Niliona haya miaka minane.

Jumatano iliyopita Bibi alirudi kutoka kwa Bi Mkubwa akasema, "Maskini, anaosha vioo. Kaka mtu kausia vioshwe vyote, wapewe watengeneza fanusi wa mjini Wete." Sikuvaa hata viatu.

Uani kwao sufuria kubwa ilikuwa motoni, maji na magadi. Bi Mkubwa alikuwa na kioo mkononi, anakisugua kwa kumbi la nazi, na mbingu ya mtu ilikuwa inateremka kama utandu wa maziwa. Vilivyo safi vimesimamishwa ukutani, vimeng'aa. Nilipita bila kumwamkia, na hilo sijawahi kulifanya.

Fundi alikuwa amelala ameelekea ukuta. Dirisha limefungwa, limebaki tundu lake la kutolea picha, na mwanga wa tundu umekaa sakafuni kama sarafu.

"Nani?"

"Mie."

"Mie si jina." Kisha akasema, "Ah. Jiwe la tatu."

"Shikamoo, Fundi. Nimekuja kuuliza kioo cha uani kwetu. Mwaka ule wa karafuu nyingi. Mama alikuwa chini ya mkarafuu."

"Wataka nini nacho?"

"Uso wake."

"Unajua navyopiga."

"Siku ile hukupiga hivyo. Nilikuwako, nilisikia. Ulisoma Kulhuwallahu yote. Ulikipigia kivuli."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu pembeni kwa dawa za miaka mingi. "Ulihesabu."

"Nilihesabu."

"Dada!" akaita, sauti ndogo. "Njoo uone toto lenye masikio ya popo." Akataka kucheka ikawa kikohozi, na nilingoja kikohozi kile kama alivyongoja yeye wingu.

"Masikio yalikuwako," akasema. "Macho yalikuwa ndani ya kanga. Hukuuona mkono wangu. Nlisema Bismillahi, nkafunika. Kulhuwallahu nliisoma kifuniko kishakaa. Ile haikuwa hesabu. Nlikuwa namwombea."

Sikumwelewa, au nilimwelewa nikakataa. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, "Kwa nini? Mara moja tu, Fundi! Mtu mmoja tu!"

Bi Mkubwa alikuwa ameingia, mikono inadondosha maji. "Mwanangu, mgonjwa huyo."

"Mwache, kauliza," akasema Fundi. "Mama yako alinikataza mwenyewe. Alinifuata pale penye kamera, kafunika mdomo kwa kanga asikohoe. Kanambia, Fundi, najua wautaka mkarafuu huu, upige. Lakini mie nizamishe. Mwanangu asije akaniona nilivyokonda, akadhani ndivyo nilivyokuwa. Nkamwambia, basi ingia jikoni mpaka nimalize. Kasema, nikiondoka mtoto ataniandama, naye tangu asubuhi kafurahi kuwa leo twapigwa picha." Akapumua. "Karudi mkekani, kakaa. Nkamzamisha kama alivyotaka. Nawe ulizama naye, wala hukujua."

Bi Mkubwa akakileta kioo. Kilikuwa cha chini kabisa kwenye kasha la pili, bado hakijafikiwa. Fundi hakukitazama. Alinipa pamoja na kaniki.

"Usia wangu ni vyote," akasema. "Lakini hiki si changu peke yangu. Yuko mama yako na neno lake, nawe una lako. Tazama, halafu fanya uonalo."

"Na wewe, Fundi, ungefanyaje?"

"Mie ndiye niliyefunika kwanza," akasema, akarudi kuelekea ukuta. Alikufa alfajiri ya Ijumaa.

Nimekitoa kioo mara tatu tangu nianze kuandika. Nakiinua kuelekea dirishani. Mkarafuu uko, kila jani la upande wa jua, na majamvi yako. Ndani ya kivuli ni kioo kitupu, nauona ukuta wa Bibi kupitia hapo. Uso hakuna. Mwanga ambao haukuingia siku ile, sasa hakuna wa kuutia.

Lakini mama hakuzama vizuri. Nyuma yake, mbali, jamvi moja lilikuwa juani, na yeye alikaa kati yake na kamera. Kwa hiyo ukingo wake umebaki, umechorwa na jua. Shingo ni nyembamba kama kikonyo. Bega limetokeza ncha, na kanga imening'inia juu yake kama iliyotundikwa msumarini. Upande wa nyuma kuna uvimbe mdogo chini ya kanga, ndio mie. Fundi aliuficha uso na hakuweza kuificha ile shingo. Mtu mwingine asingeiona. Mie nimeiona, na tangu Jumatano, nikifumba macho nimtafute mama, nikitafuta ule uzito wa mkono na harufu ya vidole, inakuja shingo. Inakuja kwanza, na vingine vinachelewa. Jana usiku harufu haikuja kabisa.

Bibi kaita, maji ya udhu yako tayari. Naacha hapa.

Jumapili. Nimeamka kabla ya Bibi. Niliteka maji, nikawasha moto uani, nikatia magadi, na yalipopata moto nikakilaza kioo ndani ya sufuria. Mbingu ndiyo iliyoachia kwanza, ikakunjamana ikapanda juu ya maji, nyeusi. Halafu majamvi. Halafu majani, moja moja, hayo yalikuwa magumu, niliyasugua kwa kidole gumba. Pale alipokaa mama hapakutoka kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu. Nilikitoa, nikakisuuza mara tatu, nikakiinua juani. Nilitaka kupaona mahali pake kwa mara ya mwisho. Sikupaona. Kioo chote kilikuwa kama pale.

Nikakifuta kwa kaniki, nikampelekea Bi Mkubwa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakisimamisha ukutani pamoja na vingine, nami nilipogeuka kukitazama tena sikuweza kujua ni kipi. Wanawake walikuwa wameshaanza kufika, wachache. Nikaenda nikakaa nao kivulini, tukachagua mchele wa hitma.